Ridgeway kwa Baiskeli ya Changarawe: Mwongozo Kamili, Avebury hadi Mto Thames

Aliyekulia Njombe au Nyeri akiendesha baiskeli kwenye barabara ya vumbi, akihamia Uingereza anakutana na jambo linalomchanganya. Barabara za lami za vijijini ni nyembamba, magari yanampita kiwikoni, na mashamba ya kijani anayoyaona ng'ambo ya ua wa miti anadhani yamefungwa. Hayajafungwa. Kati ya mashamba hayo zimepita njia nyingi mno za udongo, nyasi na kokoto ambazo sheria inakuruhusu kupita na baiskeli bila kumwomba mtu ruhusa. Shida ni kwamba zipo nyingine zinazofanana nazo kabisa ambazo hazikuruhusu, na kinachozitofautisha ni mshale mdogo wa rangi kwenye nguzo.

Nitakuonyesha kwa njia moja niijuayo vizuri: Ridgeway, kipande cha magharibi, kutoka Avebury mkoani Wiltshire hadi Goring kando ya mto Thames. Ni kama kilomita 70 juu ya mgongo wa vilima, na jina lenyewe maana yake ni hiyo hiyo, njia ya mgongoni. Watu wameipita kwa maelfu ya miaka kwa sababu mabonde yalikuwa matope na misitu, na huku juu palikuwa pakavu. Mwaka 1973 ilifunguliwa rasmi kuwa njia ya taifa, yenye urefu wa kilomita 139 hadi kilima cha Ivinghoe Beacon. Ila usidanganywe na urefu huo. Mashariki ya Thames vipande vingi ni vya waenda kwa miguu tu. Baiskeli inaifaidi nusu ya magharibi.

Soma rangi kabla ya kukanyaga pedali

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wetu tunapokosea.

Uingereza na Wales zina aina nne za njia za umma vijijini. Ya kwanza ni njia ya miguu, yenye mshale wa njano: hapo baiskeli haina haki. Ya pili ni njia ya farasi, mshale wa bluu. Waendesha baiskeli walipewa haki ya kuitumia na Sheria ya Vijijini ya mwaka 1968, kwa sharti moja ambalo bado lipo: uwapishe wanaotembea na waliopanda farasi. Ya tatu ni njia ya mikokoteni isiyo na injini, mshale wa zambarau. Ya nne iko wazi kwa wote, magari yakiwemo, na mshale wake ni mwekundu. Kwa hiyo bluu, zambarau na nyekundu pita, njano shuka. Uskoti wana sheria yao iliyo pana zaidi, usichanganye.

Kwenye nguzo za Ridgeway utaona pia tunda jeupe la mti wa mwaloni. Hiyo ni alama ya njia zote za taifa. Inakuambia hujapotea, haikuambii kwamba baiskeli inaruhusiwa. Angalia mshale.

Nyumbani jifunze jambo hilo hilo kwenye ramani. Shirika la ramani la taifa, Ordnance Survey, linatoa ramani za Explorer za kipimo cha 1:25,000, na humo njia za umma zimechorwa kwa kijani. Vistari vifupi ni njia ya miguu, vistari virefu ni njia ya farasi, na mstari wa misalaba midogo ni njia iliyo wazi kwa wote. Mstari mweusi wa vistari ni njia inayoonekana ardhini tu. Hauthibitishi haki yoyote. Sehemu kubwa ya safari hii imo kwenye karatasi namba 157 na 170. Programu ya simu inatosha, mradi uipakue ramani kabla ya kuondoka na uwe na pawabenki.

Programu nyingi za kuchora njia hazijali tofauti hizi. Mara yangu ya kwanza nilichora njia usiku, simu ikanipitisha katikati ya shamba la ngano, nami nikaifuata. Mzee mmoja mwenye shamba alisimama langoni akaningoja nifike. Hakufoka. Aliweka kidole kwenye mshale wa njano uliobanduka nusu na kuniambia, "Kijana, hii ni ya miguu. Ya farasi iko nyuma ya zizi lile, na ni nzuri zaidi." Nikashuka nikaisukuma baiskeli kurudi. Kisheria kupita pale kwa baiskeli ni kuingia ardhi ya mtu, jambo la madai, si jinai. Lakini kila anayefanya hivyo anawafungia mlango wanaomfuata, na tangu siku ile siingii njia nisiyoikagua kwenye ramani.

Ijue ardhi: chaki na gumegume

Vilima hivi ni mwamba wa chaki, nyeupe na laini, iliyotokana na maganda ya viumbe wadogo sana waliotuama chini ya bahari enzi za dinosaria. Maji yanapenya chini upesi, ndiyo maana huku juu hakuna mito wala visima vya kando ya njia. Kiangazi chaki inakauka na kuwa ngumu na ya kasi, vumbi lake jeupe linakufanya ufanane na aliyetoka kiwanda cha unga. Ikinyesha, hata manyunyu ya nusu saa, inakuwa kama sabuni ya mche iliyoloweshwa. Tairi la mbele linateleza bila kukuonya. Kwenye chaki iliyolowa usikate kona ukiwa umeshika breki, na usipande ukingo wa mfereji wa matairi kwa mshazari. Chagua mfereji mmoja, utulie humo, na ukitaka kuhama punguza mwendo kwanza.

Ndani ya chaki hiyo kuna mawe ya gumegume, yale yale yaliyokuwa yakitoa cheche kwenye bunduki za zamani. Yakivunjika yana makali ya wembe. Nikiwa karibu na Scutchamer Knob, tuta la kale kando ya njia hii, jiwe moja lilinichania ubavu wa tairi kama sentimita mbili, na ile dawa ya kuziba pancha ikamwagika yote kwenye nyasi. Nilichokifanya ni kile ambacho mafundi wetu wa chini ya mwembe wamekifanya miaka yote: nilitoa kipande cha tairi kuukuu, urefu wa kidole, nikakibananisha ndani ya mpasuko, nikaweka tyubu juu yake, nikajaza upepo kidogo kidogo huku nikitazama kama pametuna. Kilinifikisha Goring. Kipande hicho hakina uzito na hakina bei. Beba.

Baiskeli na mzigo

Baiskeli ya changarawe ina usukani uliopinda kama ya mashindano, fremu yenye nafasi ya matairi mapana, na gia nyepesi. Kama unayo ya milimani, njoo nayo, utastarehe zaidi kwenye mashimo. Kwa usukani uliopinda, tairi lisipungue milimita 40. 45 ni bora. Lenye meno madogo kati na marefu pembeni linafaa majira ya kiangazi.

Ukiweza weka tyubulesi, yaani tairi lisilo na tyubu, yenye dawa ndani, maana hiyo inakuruhusu kupunguza upepo. Mimi nina kilo 75 na kwa tairi la milimita 45 naweka psi 30 mbele na 33 nyuma. Ukijaza kama ya barabarani, mikono itakufa ganzi kabla ya adhuhuri na tairi litarukaruka juu ya mawe badala ya kuyashika. Breki za diski ni muhimu kwa miteremko, kagua pedi zake kabla, kwa sababu matope ya chaki yanazisaga.

Mfukoni: tyubu mbili, vipande vya utepe wa mpira vya kuziba tundu la tyubulesi, pampu, vishikizo vya kuondolea tairi, kiungo cha akiba cha mnyororo, bisibisi za pembe sita, taa mbili na koti jepesi la mvua hata kama anga ni ya bluu. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni lazima kisheria giza likiingia. Kofia ngumu sheria hailazimishi; mimi nakulazimisha. Sule Kangangi, Mkenya, nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani na mmoja wa waliotufundisha kwamba mchezo huu ni wetu pia, alifariki baada ya kuanguka kwenye mashindano ya changarawe Vermont, Marekani, Agosti 2022. Alikuwa hodari kuliko mimi na wewe. Namkumbuka katika kila mteremko wa kokoto, na mkono unarudi kwenye breki wenyewe.

Chakula beba chote. Huku juu hakuna duka wala kibanda; vijiji viko chini bondeni, na kila ukishuka utapanda tena. Mimi hukunja chapati mbili na mayai, naongeza tende na karanga. Maji yasipungue lita mbili kuanzia. Kuna bomba la wasafiri shambani Hill Barn, mashariki ya Uffington karibu na Sparsholt Firs, na hilo ndilo ninalolitegemea kujaza tena.

Siku, treni na upande wa kuanzia

Nenda kati ya Mei na Septemba, na kama wiki imekuwa ya mvua, ahirisha. Katikati ya Juni jua linazama saa tatu na nusu hivi usiku, una mwanga wa kutosha hata ukiharibikiwa. Desemba linazama kabla ya saa kumi jioni na njia inakuwa uji. Kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30 magari ya starehe yanazuiwa kwenye sehemu za Ridgeway ili ardhi ipone. Baiskeli haizuiwi, ila sababu ya zuio hilo ikupe picha ya hali ilivyo.

Anza magharibi uende mashariki. Upepo wa kawaida wa nchi hii unatoka kusini-magharibi, na juu ya mgongo ule hakuna kinga yoyote. Kilomita 70 za upepo mgongoni na kilomita 70 za upepo usoni ni safari mbili tofauti kabisa.

Panda treni ya Swindon kutoka London Paddington, ni kama saa moja, au kutoka Reading, nusu saa. Treni hizo za mwendo mrefu zina nafasi chache za baiskeli, kwa hiyo weka nafasi mapema unapokata tiketi, hailipiwi. Kurudi utapanda treni za kawaida kutoka kituo cha Goring & Streatley. Epuka asubuhi na jioni za siku za kazi kwa sababu ya masharti ya baiskeli kwenye treni za London. Jumamosi ni salama zaidi kuliko Jumapili, siku ambayo matengenezo ya reli ni ya mara kwa mara.

Swindon hadi Avebury ni karibu kilomita 18 za lami. Usifuate A4361, ina magari mengi na haina pembeni. Pita vibarabara vya vijiji kupitia Wroughton na Broad Hinton. Unaendesha kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda. Ndugu wa Kongo, Rwanda na Burundi, jihadharini hasa asubuhi mnapotoka kwenye lango au njia ya shamba kuingia barabarani. Hapo ndipo mazoea ya kulia yanarudi.

Njia yenyewe

Avebury ni kijiji kilichojengwa ndani ya duara la mawe ya kale, kubwa kuliko yote Uingereza. Kunywa chai, jaza chupa. Mwanzo rasmi wa Ridgeway ni Overton Hill kando ya barabara ya A4, lakini mimi hupanda kwa Green Street, njia pana inayotoka katikati ya kijiji na kwenda moja kwa moja mashariki hadi mgongoni. Utakosa kilomita chache za mwanzo na hutaigusa A4. Juu, pinda kushoto.

Kutoka hapo hadi Barbury Castle ni mwanzo mzuri wa kuizoea ardhi: mifereji mirefu ya magari, nyasi katikati, na upande wa kushoto bonde lote la kaskazini limetandazwa chini yako. Barbury ni boma la Enzi ya Chuma lenye matuta mawili ya udongo, na njia inapita katikati yake. Mara tu baada ya boma unaingia Smeathe's Ridge, na kama una kipande kimoja tu cha kukumbuka safari hii, kitakuwa hiki. Ni mteremko wa nyasi fupi zilizotafunwa na kondoo, unaoshuka polepole kwa kilomita kadhaa, pande zote mbili ardhi imeanguka. Mara nyingi husikii kitu isipokuwa upepo na ndege wa jamii ya kipozamataza anayeimba akiwa amesimama hewani, juu sana hata humwoni. Kuna malango, usiyafikie kwa kasi.

Chini ni Ogbourne St George. Unavuka A346, vuka kwa miguu, halafu unaanza kupanda kurefu kuelekea Liddington, ambako kilima kina mita 277, juu kuliko pote safarini. Ukiona gia nyepesi haitoshi, shuka usukume bila haya. Baada ya hapo kuna kipande cha lami kinachokuvusha juu ya barabara kuu ya M4 hadi Foxhill. Magari hapo yanakwenda kasi, kaa makini.

Kuanzia Foxhill njia ni pana na karibu imenyooka. Wayland's Smithy iko kushoto, hatua chache kutoka njiani: kaburi la mawe la zaidi ya miaka 5,000, limezungukwa na miti mirefu. Hadithi ya wenyeji inasema ukimwacha farasi wako hapo usiku na sarafu juu ya jiwe, asubuhi utamkuta amepigwa kwato za chuma na mhunzi asiyeonekana. Ni mahali pa kivuli pa kula chapati ya kwanza.

Mbele kidogo ni Uffington. Farasi mweupe aliyechorwa ubavuni mwa kilima ana urefu wa mita 110 na umri wa karibu miaka 3,000. Ukiwa juu yake utaona mistari tu, sikio hapa, mguu pale. Kinachonigusa ni kwamba asingekuwepo leo kama vizazi vyote vilivyopita visingemsafisha. Hadi sasa watu wa kujitolea wanapiga magoti na nyundo, wanaponda chaki mpya na kuishindilia ndani ya mistari kabla nyasi hazijaifunika. Acha baiskeli juu njiani, nenda kwa miguu, na usiikanyage chaki ya farasi.

Jaza maji Hill Barn. Kutoka hapo hadi boma la Segsbury ni mawimbi ya vilima vidogo yanayochosha kuliko yanavyoonekana kwenye ramani. Kaskazini bondeni ni Wantage, alikozaliwa Mfalme Alfred mwaka 849. Ukiishiwa chakula au nguvu, shuka hapo. Unavuka A338, unapita mnara wa Lord Wantage, kisha Scutchamer Knob na gumegume zake. Barabara kubwa ya A34 utaipita chini kwa chini kwenye handaki. Baada ya Compton njia inainama taratibu, chaki inageuka kuwa kokoto, kokoto inakuwa lami, na unajikuta Streatley. Vuka daraja la Thames, uko Goring.

Kwa mwenye mazoezi ya kawaida, hesabu saa saba hadi nane kutoka Avebury, mapumziko yakiwemo. Ukiona ni nyingi, anzia Swindon, panda Barbury, shuka Smeathe's Ridge, urudi. Ukiona ni chache, King Alfred's Way, duara la kilomita 350 lililozinduliwa na shirika la waendesha baiskeli, Cycling UK, mwaka 2020, linaanzia na kuishia Winchester na linatumia sehemu ya njia hii hii.

Farasi, ng'ombe na kupe

Upande wa Lambourn ni eneo la kufundishia farasi wa mbio. Utaona nyasi zilizokatwa vizuri kama zulia sambamba na njia. Hizo ni za mazoezi yao, usipite juu yake hata zikiwa zinakuvutia. Ukimfikia farasi kwa nyuma, punguza mwendo ukiwa bado mbali na utoe sauti. Kengele humshtua, sauti ya mtu anaijua. "Habari za asubuhi, naomba kupita" inatosha, kisha ngoja mpandaji akujibu na umpite kwa nafasi kubwa. Akija mbele yako, simama.

Lango uliloliona limefungwa, lifunge. Lililoachwa wazi, liache. Ng'ombe mwenye ndama mzungukie kwa mbali, ukiwa umeshuka. Majani marefu ya pembeni mengi yanawasha kama upupu, na kwenye nyasi kuna kupe wanaoweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Jikague miguu jioni, nyuma ya magoti hasa. Ukimkuta, mbane kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kumzungusha. Upele mwekundu unaotanuka siku au wiki baadaye ni wa kumwona daktari. Ajali ikitokea, piga 999 na uwasomee namba ya mahali ulipo (grid reference) kutoka kwenye ramani yako.

Goring, na jioni nyumbani

Kabla ya kupanda treni, pangusa matope makubwa kwa nyasi au fimbo, abiria wengine wana nguo nyeupe. Usiiache baiskeli hadi kesho. Chaki ikikauka kwenye mnyororo na breki inaganda kama lipu. Maji ya kawaida ya ndoo na brashi laini vinatosha jioni hiyo hiyo. Usitumie mashine ya presha, inasukuma mchanga ndani ya bearingi. Kausha mnyororo kwa kitambaa, tia mafuta tone moja kila kiungo, kisha zungusha magurudumu ukipitisha macho kwenye tairi zima. Kila penye mkato mdogo chokonoa kwa msumari butu. Gumegume hubaki humo imejificha, na itatoboa siku nyingine ukiwa kwenye lami, karibu na nyumbani.